Wimbo Wako Unasafiri Bila Jina Lako

Mwezi huu ukurasa huu ni wa muziki. Najua baadhi ya wazazi mtasema: chakula kimepunguzwa, sabuni hakuna, mwalimu naye anatuletea mambo ya gitaa! Mnivumilie kidogo. Nyumba nyingi hapa Dzaleka zina kijana anayeimba, kama si kwenye kwaya basi kwenye kundi la rap nyuma ya soko, na katika baadhi ya nyumba jambo hilo ndilo linaloleta ugomvi kila jioni. Papa anasema muziki ni uvivu. Kijana anasema siku moja atakuwa kama Fally Ipupa. Wanabishana hivyo mpaka taa inazimwa, na hakuna anayeuliza swali ambalo mimi naona ndilo kubwa: wimbo ukishatoka kinywani mwa huyo kijana unaenda wapi, na huko unakokwenda nani anajua ni wake?

Tuanze na sisi wasikilizaji. Muziki mpya tunaupata wapi hapa kambini? Wengi tunaupata kanisani, kwenye sherehe, na pale kwa vijana wanaochaji simu na kujaza nyimbo kwenye memori kadi. Hao wa memori kadi ndio redio yetu ya kweli. Unampa kadi na kwacha zako, unamwambia "nijazie za injili" au "nijazie rumba ya zamani na singeli kidogo", na baada ya nusu saa unarudi nyumbani na nyimbo mia mbili. Napenda kukaa pale na kuuliza: hii ni ya nani? Mara nyingi jibu ni, "Sijui mwalimu, nimetumiwa tu." Ukiangalia kwenye kioo cha simu, wimbo unaitwa AUD, halafu tarakimu nyingi, halafu WA. Hilo ni jina ambalo WhatsApp yenyewe inabandika. Kwaya ya jirani yako imekaa pale pamoja na msanii wa Nairobi, wote hawana mwenyewe.

Kuna kundi moja la hapa, sitalitaja, wenyewe wanajijua. Walisikia wimbo wao ukipigwa kwenye harusi. Wakafurahi, wakacheza mpaka jasho. Wimbo ulipoisha, mshereheshaji akasema kwa maiki kwamba huo ni wimbo wa kundi la Bukavu. Walipomfuata kumrekebisha, aliwauliza ushahidi uko wapi. Hawakuwa na hata daftari. Wimbo ule bado unazunguka, na kila anayeupenda anaisifu Bukavu.

Kundi la namna hiyo, lisilo na kampuni wala meneja mwenye gari, linalojitungia, kujirekodi na kujitangaza, huitwa kundi la kujitegemea. Msidhani ni jambo la Ulaya tu. Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka kwenye kambi kama yetu.

Vita ya Sierra Leone ilianza mwaka 1991 ikaisha mwaka 2002. Watu wengi walikimbilia Guinea. Kati yao alikuwepo Reuben Koroma, mwanamuziki kutoka Freetown, na mke wake Grace. Katika kambi ya Kalia walikutana na mpiga gitaa Francis Langba, anayeitwa Franco, ambaye walimfahamu tangu nyumbani. Wakaanza kuimbia wenzao. Kambi ile ilipokosa usalama walihamishiwa kambi nyingine, Sembakounya, na huko wakaendelea. Shirika moja la Kanada liliwasaidia kupata magitaa yaliyochakaa na vyombo vidogo vya sauti. Kundi likaongezeka watu, akiwemo kijana yatima anayerap, aliyejulikana kama Black Nature. Wakajiita Sierra Leone's Refugee All Stars. Waliimba juu ya mambo ambayo sisi tunayajua bila kufundishwa: mgao, hema, kungoja, waliobaki nyuma.

Mwaka 2002 wakafika Wamarekani wawili, Zach Niles na Banker White, wakitafuta hadithi ya kutengenezea filamu. Wakafuatana na kundi hilo likiimba kwenye kambi nyingine za Guinea, kisha wakaenda nalo Freetown, ambako nyimbo zilirekodiwa studio. Filamu ilitoka mwaka 2005. Albamu yao, Living Like a Refugee, yaani kuishi kama mkimbizi, ikatoka mwaka 2006, na mwaka huohuo walikuwa wakizunguka Marekani kupiga muziki. Baadaye wakatoa nyingine mwaka 2010, 2012 na 2014.

Watu husimulia habari hiyo kana kwamba kamera ya wageni ndiyo ilileta baraka yote. Mimi sikubali. Kamera ilipofika, kundi lilikuwa limekwisha kuimba kambini kwa miaka, lina jina, lina nyimbo zake lenyewe, na kila mkimbizi wa pale angeweza kumwelekeza mgeni: hao ndio wenye muziki. Kama mgeni angefika akute vijana wanaoiga nyimbo za wengine, angepiga picha mbili akaondoka.

Wakongomani wenzangu mtakumbuka Staff Benda Bilili wa Kinshasa. Wengi wao walipooza miguu kwa polio, wakawa wanatembelea baiskeli za magurudumu matatu walizozirekebisha wenyewe, na mazoezi wanafanyia karibu na bustani ya wanyama. Kijana wao Roger Landu alipiga chombo alichokitengeneza kwa mkebe, kijiti kilichopinda na uzi mmoja wa chuma. Uzi mmoja! Albamu yao ya kwanza, Très Très Fort, ilitoka mwaka 2009 kwa kampuni ndogo ya Ubelgiji, na sehemu kubwa ilirekodiwa nje, palepale kwenye bustani ya wanyama. Mwaka 2010 filamu yao ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa. Na hapa Malawi kwenyewe yuko Gasper Nali wa Nkhata Bay, anayepiga babatoni, gitaa refu la uzi mmoja, akiteleza chupa tupu juu ya uzi na kupiga ngoma kwa mguu. Mwaka 2015 video yake moja ilizunguka dunia ikatazamwa mara mamilioni. Kwa hiyo yule anayeniambia "mwalimu, hatuna vyombo", namsikiliza, lakini simwamini sana.

Sasa tushuke kwenye kazi.

Kurekodi kwanza. Si kila wimbo unahitaji studio ya Lilongwe, na tafadhali kijana asiuze mahindi ya nyumbani ili alipe studio. Chukueni simu yenye kinasa sauti kizuri kuliko zote kwenye kundi. Tafuteni chumba cha matofali ya udongo, tundikeni mablanketi ukutani ili sauti isirudi. Wekeni simu juu ya kiti, hatua mbili kutoka kwa mwimbaji, na mwenye sauti kubwa asogee nyuma. Fanyeni alfajiri, kabla maspika ya makanisa hayajaanza. Msifanye siku ya mvua, bati litaimba kuliko ninyi. Rudieni mara tano, sita, halafu chagueni moja.

Ikishachaguliwa, kabla hamjaituma kwa mtu yeyote, badilisheni jina la faili. Hapa ndipo nataka vijana wanisikilize vizuri. Andikeni jina la kundi, jina la wimbo, na mwaka. Lakini WhatsApp inaweza kulifuta jina hilo, kama tulivyoona, kwa hiyo jina liwe pia ndani ya sauti yenyewe. Mwanzoni kabisa, mtu mmoja aseme: hili ni kundi fulani, wimbo unaitwa hivi. Sekunde tano tu. Wanamuziki wa rumba wana desturi ya kutaja majina katikati ya wimbo, na wengine wanawacheka kwa hilo, lakini wale wazee hawakuwa wajinga. Mtu akiuiba wimbo anaiba na jina lililomo. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama "dokyumenti", si kama sauti, jina la faili litabaki.

Halafu pelekeni kwa vijana wa memori kadi, bure. Wasikatae kwenu kwa kudai pesa, na ninyi msiwadai. Nyimbo zinazojazwa na kupigwa ndizo zinazowaleta watu siku mnapopiga. Pelekeni kwa redio ya jamii. Pelekeni kwa washereheshaji wa harusi. Ombeni dakika kumi siku ya mechi ya mpira, kabla ya filimbi. Kundi linalopigwa mara kumi mbele ya watu hamsini wanaolijua lina nguvu kuliko lile lililowekwa mara moja kwenye intaneti likasahauliwa.

Tuna bahati nyingine ambayo kambi nyingi hazina. Mwaka 2014 mkimbizi mwenzetu kutoka Kongo, Trésor Nzengu Mpauni, mshairi anayejulikana zaidi kama Menes La Plume, alianzisha Tamasha la Tumaini hapahapa Dzaleka. Wageni wakaja kutoka Lilongwe na nchi za mbali, wengine wakalala kwenye nyumba zetu, wakala ugali wetu, na wasanii wa kambi wakapanda jukwaa moja na wasanii wakubwa wa Malawi. Mahali hapa palikuwa gereza kabla ya kufanywa kambi mwaka 1994, na watu wakawa wanalipa nauli kuja kusikiliza muziki! Kundi linalotaka jukwaa kama hilo lijiandae miezi mingi kabla, na wimbo wa kumpa mwandalizi asikilize. Kwenda mlangoni wiki ya tamasha na kulia hakusaidii.

Kuhusu pesa ya intaneti, niwaambie wazazi ukweli ili msidanganywe na watoto wenu, nao wasijidanganye. YouTube haigawi pesa ya matangazo mpaka mwenye ukurasa apate wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara mamilioni. Spotify nayo, tangu mwaka 2024, hailipi wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 kwa mwaka. Na hata ukifika huko, pesa za mwanzo ni ndogo. Kwa hiyo kijana akimwambia mama yake kwamba mwezi ujao YouTube itanunua unga, mama aombe kwanza kuona hesabu. Muziki wa kambini ukilipa, kwa kawaida unaanza kulipa kwenye harusi.

Jambo la usalama silipiti haraka. Kati yetu wako waliokimbia watu, si vita tu. Video ikishatoka haina mpaka, inaonekana huku na kule tulikotoka. Kabla ya kupiga picha za video, kila aliyemo aulizwe, na anayekataa asilazimishwe, aimbe akiwa hayupo kwenye picha. Tumieni jina la kundi, si majina yaliyo kwenye karatasi zetu za ukimbizi. Msionyeshe namba ya nyumba wala kadi ya mgao. Namba ya simu iwe ya kundi, laini ya pembeni. Na watoto wadogo wanaokuja kucheza mbele ya kamera, mama zao waulizwe.

Mgeni akija na kamera, salamu na heshima, kama mila zetu zinavyotaka, halafu maswali. Picha zinaenda wapi? Nani atalipwa? Sisi tutapata nakala lini? Karatasi ya Kiingereza usiisaini siku hiyohiyo, tafuta mtu akutafsirie. Nanyi kwa ninyi andikeni pia: nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, pesa ikija inagawanywa vipi. Mnasema ninyi ni ndugu, haina haja. Staff Benda Bilili walikuwa ndugu wa barabarani, walilala pamoja, na bado mwaka 2013 waanzilishi wawili, Coco Ngambali na Théo Nzonza, walijitoa katika kundi. Malawi ina ofisi ya hakimiliki, COSOMA, na kuna siku kundi litaihitaji. Ila ukifika pale bila daftari utaulizwa maswali yaleyale ya kwenye harusi.

Neno kwa wazazi wa mabinti. Najua hofu yenu, na mara nyingi mna sababu. Lakini Grace Koroma aliimba kambini mbele ya watu wote, na kundi lile lisingekuwa lile bila yeye. Badala ya kumkataza binti moja kwa moja, dai mazoezi yawe mchana, mahali pa wazi, na mtu mzima awepo. Kundi linalokataa masharti hayo limekwisha kukujibu. Na masomo? Nina wanafunzi wanaoandika mashairi ya nyimbo kwa Kiswahili safi kuliko insha zao. Mimi huwaambia waniletee wimbo, tunasahihisha wote, na bila kujua wamejifunza sarufi.

Tumeanza daftari la nyimbo za kambi. Liko darasani kwetu kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Kwaya, kundi la rap, mzee mwenye likembe, mama mwenye nyimbo za kubembelezea watoto, wote mnakaribishwa. Njooni na jina la kundi, jina la wimbo, nani alitunga na mwaka gani, nasi tutaandika na kurekodi. Simu iwe na chaji, umeme darasani hakuna.