Kwa Nini Oveni Husimama na Stoo Imejaa: Panga Malighafi kwa Kutumia Rekodi za Till Yako

Kama unatengeneza kitu cha kuuza, iwe ni mikate, sabuni ya maji, sare za shule au viti vya sofa, una shida ambayo mwenye duka hana. Mwenye duka akiishiwa na sukari, anakosa mauzo ya sukari tu. Mchele na majani chai vinaendelea kuuzwa. Wewe ukikosa kitu kimoja, hata kiwe cha shilingi chache, kazi yote inasimama. Sofa isiyo na gundi haiendi kwa mteja, na mkate usio na mfuko hauingii dukani.

Leo tuongee juu ya hicho kitu kimoja, na jinsi ya kukiona mapema kabla hakijakosekana. Nusu ya habari unazohitaji ziko tayari kwenye simu yako, kwenye rekodi za malipo. Nusu nyingine itabidi uiandike mwenyewe.

Mfano wetu utakuwa bekari ndogo ya pale Naivasha, inayooka mikate 300 ya gramu 400 kwa siku, siku sita kwa wiki. Ni bekari ya mfano tu, lakini hesabu zake ni za kweli. Kama kazi yako ni nyingine, badilisha majina ya vitu. Njia ni ile ile.

Anza na oda, usianze na stoo

Wengi wetu tunapanga kwa macho. Unafungua stoo asubuhi, unaona magunia yamepungua, unapigia muuzaji simu. Viwanda vikubwa navyo vilifanya hivyo kwa miaka mingi: kila kitu kikipungua, kinaagizwa kivyake. Mtu aliyeandika kwa kina kwamba njia hiyo haifai kiwandani ni Joseph Orlicky, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya matrekta ya J. I. Case kule Marekani, kisha akawa IBM. Kitabu chake kuhusu kupanga mahitaji ya malighafi kilitoka mwaka 1975. Hoja yake kubwa ni rahisi. Matrekta mangapi yatauzwa, hilo huwezi kulijua kwa hakika, kwa hivyo unakisia. Lakini ukishaamua utatengeneza matrekta mangapi, idadi ya magurudumu haikisiwi tena. Inapigwa hesabu.

Hata kwa bekari ni hivyo. Kisia mikate peke yake. Unga, hamira, sukari na mifuko vitajitokeza vyenyewe kutoka kwa resipe.

Kwa hivyo andika resipe ya mkate mmoja, kwa gramu, si kwa "vikombe viwili hivi". Bekari yetu inatumia unga gramu 270, maji gramu 160, sukari 16, mafuta 8, chumvi 5 na hamira kavu 3. Jumla ni donge la gramu 462, na likipoteza maji ndani ya oveni linabaki mkate wa zaidi kidogo ya gramu 400. Halafu mfuko mmoja. Usisahau mfuko! Watu huandika vinavyoliwa na kuacha vinavyofunga.

Sasa zidisha. Mikate 300 kwa siku sita ni mikate 1,800. Unga unaohitajika ni kilo 486. Stoo ina magunia manne ya kilo 50, yaani kilo 200. Zinapungua kilo 286, na kwa kuwa muuzaji hauzi nusu gunia, unaagiza magunia sita. Mwisho wa wiki utabakiwa na kilo 14. Fanya hivyo kwa kila kitu kwenye resipe, na ndiyo hesabu ambayo kompyuta za viwanda vikubwa hufanya usiku kucha, tofauti ni kwamba wao wana vitu maelfu na wewe una saba, na kimoja kati ya hivyo ni maji ya mfereji.

Siku za kungoja

Hapa ndipo macho hudanganya zaidi.

Rudi stoo kwa bekari yetu. Magunia ya unga ni manne, yanaonekana machache. Mifuko ya mkate iliyochapishwa jina ni 2,500, imejaa rafu mbili. Ukimuuliza mtu yeyote ni kipi cha kuagiza kwanza, atasema unga.

Lakini unga unatoka kwa muuzaji wa jumla hapo mjini. Ukimpigia leo, kesho asubuhi pikapu imefika. Mifuko inachapishwa Nairobi, Eneo la Viwandani, na tuseme inachukua wiki tatu tangu ulipe hadi ifike. Wiki tatu ni siku 18 za kuoka. Siku 18 mara mikate 300 ni mifuko 5,400. Wewe una 2,500, ambayo ni ya siku nane na kidogo. Hata ukiagiza saa hii, utakaa karibu siku kumi bila mfuko, na mikate 2,900 haitakuwa na cha kuvaa. Rafu imejaa, na tayari umechelewa.

Kwa hivyo kila kitu kwenye stoo kinahitaji namba yake ya kuagiza. Unaipata hivi: matumizi ya siku moja, mara siku za kungoja, kisha ongeza akiba kidogo ya dharura. Kwa mifuko, 300 mara 18 ni 5,400. Ongeza akiba ya siku nne, mifuko 1,200, unapata 6,600. Ikifika hapo, agiza, hata kama stoo inaonekana imefurika. Kwa unga, kilo 81 za siku moja ya kungoja na akiba ya siku mbili ni kilo 243, magunia matano hivi. Andika namba hiyo kwa kalamu nene kwenye rafu yenyewe, ili hata kijana wa stoo ajue bila kukuuliza.

Akiba ya dharura iwe kubwa kwa muuzaji asiye na saa, na ndogo kwa yule unayemwamini. Muuzaji akisema "kesho" na akaleta keshokutwa mara tatu mfululizo, siku zake za kungoja ni mbili. Andika siku alizoleta, usiandike alizoahidi.

Kile Till inajua, na kile haijui

Taarifa ya miamala ya Till yako inaonyesha tarehe, saa na kiasi cha kila malipo. Chukua ya miezi kadhaa, ipange kwa wiki, na utaona mambo ambayo kichwa hakikumbuki vizuri: mauzo yanashuka kiasi gani shule zikifunga mwezi wa nane, yanapanda kiasi gani mwisho wa mwezi watu wakilipwa, na Jumatatu inauza vipi ukilinganisha na Jumamosi. Hiyo ndiyo sehemu ya kukisia, na hakuna sababu ya kukisia gizani.

Lakini usiiamini peke yake. Till inajua pesa, haijui mikate. Mtu akilipa shilingi 1,200, huenda amechukua mikate 20 ya shilingi 60, au amechukua mikate kumi na trei za skonzi. Pia haijui mauzo ya pesa taslimu, wala ile mikate 40 ambayo duka la kona huchukua kwa deni na kulipa Ijumaa. Ukipanga unga kwa malipo ya Ijumaa, utadhani Ijumaa ndiyo siku kubwa, kumbe mikate ililiwa kuanzia Jumatatu. Stoo hufuata siku bidhaa ilipotoka, haifuati siku pesa ilipoingia.

Kuna njia za kupunguza pengo hilo. Ukitumia Paybill badala ya Till, mteja hujaza sehemu ya akaunti anapolipa. Wape wateja wa jumla namba fupi za oda wajaze hapo, na kila malipo yatakuja yakisema ni ya oda gani. Till haina sehemu hiyo, kwa hivyo wenye Till wengine huweka moja ya mikate na nyingine ya skonzi. Na muuzaji wa unga mlipe kutoka kwa akaunti ya biashara, usimlipe kutoka kwa simu yako ya kibinafsi, la sivyo malipo ya unga yatachanganyika na karo ya mtoto na nauli ya boda.

Kwa upande wa vinavyoingia, ankara inajua kile malipo hayajui: ni kitu gani na ni kiasi gani. Tangu Januari 2024, KRA inataka gharama za biashara ziwe na ankara ya eTIMS, isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria. Wengi wanaiona kama usumbufu wa ushuru tu. Sisi tunaona ni nusu ya daftari lako la stoo ambayo muuzaji anakuandikia bure. Idai kila mara.

Pesa iliyolala

Kuna anayesikia haya yote na kuamua kununua kila kitu kwa wingi amalize wasiwasi. Ngoja kwanza. Tuseme gunia ni shilingi 4,500, na umenunua kumi zaidi ya unayohitaji. Shilingi 45,000 zimelala stoo. Kama zilitoka kwa mkopo wa siku 30 wenye ada ya asilimia 8, umelipa shilingi 3,600 ili unga ulale. Punguzo ulilopewa na muuzaji lilifika hapo? Wakati mwingine linafika, na hapo nunua. Mara nyingi halifiki, na bado hatujahesabu panya na unyevu.

Hatari nyingine ni pesa ya mteja mwenyewe. Shule imeagiza mikate 400 ya wiki ijayo na kutuma nusu ya malipo. Pesa hiyo ikiingia tu, inaonekana kama faida, na ni rahisi sana kulipia nayo mifuko ya oda zingine. Siku ya kuoka mikate ya shule inafika, hakuna unga wala pesa ya unga. Malipo ya mapema yakiingia, piga hesabu ya malighafi ya oda hiyo siku hiyo hiyo na uitenge: kilo 108 za unga, mifuko 400, na kadhalika. Kwenye daftari, unga uliotengwa usihesabiwe tena kuwa uko.

Daftari lenyewe linaweza kuwa kitabu cha mistari, Excel au Google Sheets kwenye simu. Programu kama Odoo na ERPNext zinafanya hesabu ya resipe na oda zenyewe, na ni nzuri, lakini kwa bekari ya bidhaa mbili tungeanza na jedwali. Programu haitakusaidia kama hakuna anayeandika vinavyotoka.

Hesabu ya Jumamosi

Kila Jumamosi jioni, hesabu stoo kwa mkono na ulinganishe na daftari. Tulisema wiki itaisha na kilo 14 za unga. Tuseme umepima, hakuna hata kilo moja, na Jumamosi mikate ya mwisho ilikosa unga. Jambo la kwanza linalokuja akilini ni kwamba kuna mtu amebeba.

Kabla hujamwita mtu ofisini, chukua mizani uende mezani pale madonge yanapokatwa. Pima ishirini. Kama yanatoka gramu 480 badala ya 462, kila mkate umebeba gramu 18 za ziada, na katika hizo unga ni karibu gramu kumi na nusu. Kwa mikate 1,800 ni kilo 19 kwa wiki. Pengo lako lote liko hapo, na zaidi. Anayekata hajaiba chochote. Anakata kwa mazoea ya mkono, na pengine hakuna aliyewahi kumpa mizani.

Mpe mizani, mwonyeshe 462, na uhesabu tena Jumamosi inayofuata. Angalia pia kama gunia la kilo 50 kweli lina kilo 50 linapofika, kwa sababu hapo napo unga huweza kupungua kabla haujaingia kwako. Kama baada ya hayo yote pengo bado lipo, basi una sababu ya kuuliza, na una namba ya kuanzia mazungumzo.