Binti aliuliza kuhusu taa, akajibiwa kuhusu tahajia

Saa tatu usiku, binti wa kidato cha pili anaazima simu ya mama yake. Mezani ana betri ya volti 9, nyaya mbili na taa ndogo ya LED ambayo dakika chache zilizopita iliwaka kwa nguvu, ikatoa harufu, kisha ikazimika moja kwa moja. Anaingia kwenye kundi la WhatsApp la wapenda elektroniki, lenye mamia ya watu, anaandika: "Naomba msahada, taa yangu imeungua nilipoiunga na betri ya volti 9. Nimekosea wapi?"

Jibu la kwanza linakuja ndani ya dakika moja: "Ni msaada, siyo msahada." La pili linamtaka arudi darasa la tatu kwanza, umeme utamsubiri. La tatu linamwambia aende jikoni. Baada ya hapo wakongwe wawili wanaacha kumsema yeye na kuanza kusemana wao kwa wao, mmoja akimwita mwenzake fundi wa kubahatisha. Katikati ya vurugu hiyo namba ngeni inatupia tangazo la mkopo wa dakika tano usio na dhamana.

Inapofika saa nne kuna jumbe zaidi ya 40. Hakuna hata mmoja uliogusa ile taa.

Asubuhi mama anaona kwenye simu yake kwamba ujumbe wa binti umefutwa na kundi limeachwa. Betri na nyaya zimerudishwa kwenye boksi chini ya kitanda.

Tukio la namna hii haliwashangazi waliowahi kukaa kwenye makundi ya ufundi mtandaoni. Wazazi wengi hawalijui, kwa sababu wanachokiona wao ni mtoto ametulia na simu, "anasoma mambo ya umeme". Wanafurahi, na wana haki ya kufurahi. Ila yapo mambo matatu yanayoweza kumkatisha tamaa mtoto huyo kabla hajafika popote: ugomvi, kejeli za tahajia na matangazo ya matapeli.

Jibu ambalo hakupewa

Swali la binti yule lilikuwa zuri, na jibu lake ni fupi. LED nyekundu huhitaji takribani volti 2. Ukiipa betri ya volti 9 moja kwa moja, mkondo unaopita ni mkubwa kuliko inaoweza kuhimili, nayo huungua. Dawa yake ni kuweka resista katikati ili ipunguze mkondo.

Hesabu yake ni ya darasani. Volti 9 ukitoa 2 zinabaki 7. Taa nyingi za aina hiyo zinatosheka na miliampia 20, yaani ampia 0.02. Ukigawa 7 kwa 0.02 unapata omu 350. Dukani resista ya 350 si ya kawaida, hivyo unachukua kubwa kidogo, ya 390, na taa inawaka salama.

Ni mistari mitano ya maelezo. Kundi zima lilikuwa na watu wanaoijua hesabu hiyo usingizini, lakini walikuwa wanagombea herufi h.

Herufi zenye uzito na zisizo nazo

Haki itendeke: katika elektroniki zipo herufi ambazo ukikosea unaharibu kazi. Herufi m ndogo mbele ya kipimo ni sehemu moja ya elfu, M kubwa ni milioni. Anayechanganya mA na MA amekosea mara bilioni. Kwenye michoro, resista iliyoandikwa 4k7 ni ya omu 4,700. Herufi k imewekwa mahali pa nukta kwa sababu nukta hupotea kirahisi karatasi inapotolewa nakala.

Kwenye programu mambo ni makali zaidi. Mtoto anayejifunzia bodi ya Arduino akiandika digitalwrite badala ya digitalWrite, kompyuta inakataa, kwa herufi moja tu ndogo iliyopaswa kuwa kubwa. Anayemwonyesha kosa hilo amemsaidia, naye atalikumbuka maisha yake yote.

"Msahada" haiunguzi kitu. Kila aliyesoma alielewa. Vivyo hivyo anayeandika "mahari pa kuunga waya" akimaanisha mahali, au "apa" badala ya hapa. Lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyofanya, na mtoto huandika anavyotamka nyumbani. Ongeza na hali ya shule zetu: Tanzania msingi wa serikali ni Kiswahili, sekondari ni Kiingereza. Neno la fizikia analijua kwa Kiingereza, anataka kuliuliza kwa Kiswahili, na simu nayo inambadilishia maneno bila kumwomba ruhusa.

Lugha sanifu ni jambo jema na mtoto afundishwe. Lakini kusahihisha kuna wakati wake. Ukimjibu swali lake kwanza, kisha ukaliandika neno lile kwa usahihi ndani ya jibu lako, ataliona na kujirekebisha bila kuaibishwa.

Wazazi wanaodhani lugha mbovu ni dalili ya akili mbovu wamkumbuke William Kamkwamba wa Malawi. Wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002 aliacha sekondari kwa kukosa ada. Akaenda maktaba ya kijijini, akapata kitabu cha Kiingereza kuhusu nishati. Lugha ilimpa shida, akaegemea michoro. Kwa vipande vya baiskeli, feni ya trekta na miti akajenga kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao, huku baadhi ya majirani wakidhani amerukwa na akili.

Mwaka 2007 alialikwa kwenye mkutano wa TEDGlobal hapa Arusha. Jukwaani Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha na sarufi ilipinda. Alieleza kwa maneno machache kwamba alijaribu na akafanikiwa, na ukumbi ukampigia makofi. Hakuna aliyesimama kumrekebisha wakati wa kitenzi.

Wakongwe na wageni

Ugomvi huu haukuanzia kwenye WhatsApp. Miaka ya 1980, watumiaji wa Usenet, mtandao wa majadiliano wa zamani, walizoea kila Septemba kupokea wanafunzi wapya wa vyuo waliouliza yale yale. Walilalamika mwezi mmoja, wageni wakajifunza adabu, mambo yakatulia. Kuanzia mwaka 1993 kampuni za intaneti zilipoanza kuwafungulia milango wateja wa kawaida, wageni wakawa hawaishi. Wakongwe wakakiita kipindi hicho Septemba isiyokwisha.

Uchovu wao unaeleweka. Mtu aliyejibu swali la LED mara mia anaweza kukasirika la mia na moja likija. Anasahau tu kwamba kwa anayeuliza ni mara ya kwanza.

Pia kuna ubishi wa ushabiki, kama wa Simba na Yanga. Bodi gani ni bora? Arduino ya asili au nakala ya Kichina? Arduino ilizaliwa Italia mwaka 2005, na michoro yake iliachwa wazi makusudi ili yeyote aweze kuitengeneza. Kwa hiyo nakala si lazima iwe wizi, mradi isitumie jina na nembo ya wenyewe. Jambo hili lingeelezwa kwa utulivu likaisha. Badala yake watu wanatukanana mpaka usiku wa manane, na mtoto anayetumia nakala kwa sababu ndiyo aliyoimudu anaona kama ametukanwa yeye na baba yake aliyemnunulia.

Hata wakubwa wa mtandao wamewahi kukiri. Mwezi Aprili 2018 Stack Overflow, mtandao maarufu wa maswali ya programu, wenye tawi la elektroniki pia, ulitangaza hadharani kwamba watu wengi waliuona kuwa mahali pasipowakaribisha, hasa wageni na wanawake. Mwaka huo huo ukaandika upya kanuni zake za mwenendo.

Tangazo linalofuata harufu ya pesa

Penye watu wengi, mchuuzi hakosi. Aprili 1994 mawakili wawili wa Marekani, mume na mke, walitupia tangazo la huduma zao za bahati nasibu ya kadi ya kijani kwenye makundi zaidi ya 5,000 ya Usenet kwa mpigo, mengi yasiyohusiana kabisa na uhamiaji. Watu walikasirika, lakini mlango ulikuwa umeshafunguka.

Leo kwenye kundi la elektroniki spamu inakuja kwa sura nyingi: mikopo, kazi za kulipwa ukiwa nyumbani, sarafu za mtandaoni, na ile inayowapata watoto kirahisi zaidi, vifaa vya bei ya kutupa. Picha ya bodi nzuri, bei nusu ya ile ya Kariakoo, masharti ni kutuma nusu ya pesa kwanza. Baada ya kutuma, namba haipatikani.

Hatari inaongezeka kwa sababu simu anayotumia mtoto mara nyingi ni ya mzazi, na ndani yake kuna pesa za familia. Kiungo kimoja kilichobonyezwa kwa haraka, au programu iliyopakuliwa nje ya duka rasmi la simu, inaweza kugusa ada ya muhula.

Anachoacha si ufundi

Mzazi anaweza kusema, basi atoke kwenye makundi hayo, yaishe. Tatizo ni kwamba mtoto aliyechekwa mara nyingi haachi kutengeneza. Anaacha kuuliza.

Katika ufundi huu kutouliza kuna gharama. Betri ya volti 9 inaunguza taa tu. Umeme wa ukutani, volti 230, unaua. Betri za lithiamu kama zile za simu na kompyuta mpakato nyingi hazitakiwi kuchajiwa zaidi ya volti 4.2 kila seli, na zikizidishiwa huweza kushika moto. Jiko la maikrowevu lina kapasita inayofanya kazi kwenye volti zaidi ya 2,000 na inayoweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Mtoto anayeogopa kuandika "naomba msaada" kwa sababu hajui h inakaa wapi, ndiye atakayefungua maikrowevu mbovu peke yake mchana wazazi wakiwa kazini.

Mzazi afanye nini

Kwanza, mzazi asimuulize mtoto kama amemaliza kuchezea simu. Amuulize, "Umejibiwa?" Hapo ndipo atasikia yaliyotokea. Huhitaji kujua resista ni nini ili kusikiliza.

Pili, amsaidie kuandika swali linalojibika. Nilitaka kufanya nini, nimetumia vifaa gani, nimeviunga vipi, nini kimetokea. Aweke picha ya kazi yake juu ya meza, bila sura yake, bila sare ya shule, bila namba ya nyumba. Ausome ujumbe mara moja kabla ya kutuma.

Tatu, amfundishe kupokea kejeli bila kuingia vitani. Sentensi moja inatosha: "Asante kwa kunisahihisha, bado naomba jibu la swali langu." Anayetukana asijibiwe. Akiona kundi halifai, atoke. Siku hizi WhatsApp huwajulisha wasimamizi pekee kwamba mtu ametoka, kwa hiyo kutoka hakutangazwi kwa kundi zima.

Nne, pesa. Mtoto asilipie kifaa chochote mtandaoni bila mzazi kujua, na namba ya siri asipewe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa msimamizi wa kundi. Tanzania, ujumbe wa kitapeli hutumwa kwenda namba 15040, na *106# humwonyesha mtu namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kwenye mipangilio ya faragha ya WhatsApp, weka kwamba wanaoweza kukuunga kwenye makundi ni watu uliohifadhi namba zao tu.

Tano, mpaka wa usalama uwe mmoja na usio na mjadala: betri ndogo aendelee, kitu chochote kinachochomekwa ukutani asubiri mtu mzima anayejua. Fundi redio wa mtaani anaweza kuwa mwalimu bora kuliko kundi la watu mia tano. Mzazi aende naye, wafahamiane, kisha mtoto awe na mtu wa kumuuliza uso kwa uso.

Na mzazi ambaye mwenyewe ni mjumbe wa makundi ya namna hii, ya ufundi, ya kilimo au ya mapishi, ajitazame. Huenda "msahada" aliyoicheka jana iliandikwa na mtoto wa mwenzake aliyeazima simu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kwa yule binti, boksi bado liko chini ya kitanda. Resista ya omu 390 haina bei ya kumtisha mzazi, na taa nyingine vilevile. Kilichobaki ni mtu wa kukaa naye mezani jioni moja, akamwambia swali lake lilikuwa sahihi.