Mwalimu Aliyechukua Jembe

Sisi wa Runzewe tumezoea kuwasindikiza walimu waendao ugenini kwa nyimbo na sala. Ni vema, lakini na tuwaulize pia, je, watakula nini huko?

Angalieni habari za Apolo Kivebulaya, Mganda, aliyebatizwa mwaka 1895. Mwaka 1896 alitumwa Mboga, ambayo leo imo katika nchi ya Kongo. Akapita kando ya milima ya Ruwenzori, yenye kilele cha mita 5109, akashuka bonde la Semliki, kisha akapanda tena. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wamerudi, kwa kuwa mtawala Tabaro aliwanyima chakula. Apolo aliposikia hayo alijipatia jembe, akalima, akala jasho lake. Wala njaa haikuweza kumfukuza.

Mateso hayakukosa: alipigwa, akafungwa. Hata hivyo alirudi, naye Tabaro mwenyewe akabatizwa, akaitwa Paulo. Baadaye Apolo akawaendea Wambuti wa msituni. Alikufa Mboga mwaka 1933, akiwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, si upande wa kwao Buganda.

Wazee husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Apolo hakungoja kupewa. Basi, enyi wazazi, mfundisheni kijana kulima kabla hamjamtuma kuhubiri, ama ng'ambo ya milima, ama kwa wachimba dhahabu jirani zetu. Alaye jasho lake hukaa. Na akaaye husikilizwa.