Safari ya 1963: udongo njo ulishinda

Bandugu, Pasaka ya 1963, motokari 84 zilianza mashindano ya East African Safari. Zilizofika mwisho: 7 tu! Nick Nowicki na Paddy Cliff njo walishinda, mu Peugeot 404.

Mashindano ile ilizaliwa 1953, kusherehekea kutawazwa kwa malkia Elizabeth II wa Uingereza. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kisha ikawekwa wakati wa Pasaka, kipindi cha mvula kubwa.

Wengi wanaangalia injini. Mimi wa agronomi naangalia chini. Mu mbuga za karibu na Nairobi kuko udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa. Mvula ikinyesha, maji inaingia kati ya tabaka zake ndogo sana, udongo unavimba, nyufa zinafunga. Sasa maji haina tena fasi ya kushukia: inabaki juu, barabara inateleza kama sabuni, matope yananata ku magurudumu.

Mwaka 1968 mvula ikapiga tena: 7 tu walifika, na washindi walikuwa Nowicki na Cliff, tena na 404. Kumbe si bahati tu. Wenye kujua kupita mu matope walipita.

Na sisi hapa Katanga? Mu madembo, lori ya mahindi ikikwama, tunalaumu shofa. Tuulize kwanza: mufereji wa kutoa maji uko wapi? Tulisoma udongo juu ya mahindi, lakini barabara pia inalala juu ya udongo ule ule.