Nauli ya kwenda Dzaleka
Mimi hukaanga maandazi Dzaleka, wilaya ya Dowa, kilomita arobaini na ushei kutoka Lilongwe, Malawi. Zama za Rais Kamuzu Banda hapa palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Jina lenyewe, kwa Kichewa, ni kama kiapo cha aliyechapwa: sitarudia. Mwaka 1994 pakawa kambi ya wakimbizi. Ilipangiwa watu kama 10,000. Leo tumepita 50,000, wengi wetu Wakongo, ndiyo maana nauza kwa Kiswahili kutwa nzima. Ila likija Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa 2014, watu wa Lilongwe humiminika kucheza muziki bila kiingilio, na karai langu halipoi. Hebu fikiria, mtu kulipa nauli aingie Dzaleka!