Nusu Mume, Nusu Mke: Tuijue Sanamu Ndipo Tuilinde

Wananchi wengi wa Pwani wamepata kupita mbele ya mahekalu ya Wahindu, yawe yale ya mtaa wa Kisutu mjini Dar es Salaam, au lile la Hurumzi, Unguja, lenye majina ya Shiva na Shakti pamoja. Wachache ndio waliouliza maana ya sanamu zilizomo. Leo tunapenda kuieleza moja ambayo, kwa mtu asiyefahamishwa, huonekana kiroja tu: mwili mmoja, nusu mume, nusu mke.

Wahindu humwita Ardhanarishvara, yaani Bwana ambaye nusu yake ni mwanamke. Upande wa kulia ni Shiva, mwenye nywele za kusokota na bega pana. Upande wa kushoto ni mkewe, Parvati, mwenye ziwa moja, nyonga iliyojaa, vipuli na bangili, na pengine kioo au ua mkononi. Mchongaji hodari huwaunganisha hata jicho lisione ni wapi mmoja amekoma na mwingine ameanza. Katika pango la kisiwa cha Elephanta, karibu na Mumbai, imo sanamu ya namna hiyo iliyochongwa mwambani yapata karne ya 6, ikimwegemea fahali Nandi.

Maana yake si ndogo. Shakti ni nguvu. Bila ya nguvu hiyo Shiva hatendi lolote. Wahindu husimulia habari za mtawa Bhringi aliyeapa kumzunguka Shiva peke yake kwa ibada. Parvati akajiunga na mumewe kuwa mwili mmoja. Mtawa akajigeuza mdudu, akatoboa katikati apate kupita. Kwa ukaidi huo aliondolewa nyama na damu, ambavyo yasemekana mtoto huvipata kwa mama, akabaki mifupa mitupu, hata akapewa mguu wa tatu ili asianguke. Sisi tusemao kuwa mkono mmoja haulei mwana hatuna sababu ya kuyacheka mafunzo hayo.

Hatuyasemi haya ili kumvuta mtu katika dini isiyo yake. Twayasema kwa kuwa kitu kisichojulikana thamani yake huibwa mchana na watu wanatazama. Sanamu ya mawe ya Ardhanarishvara iliibwa katika hekalu la Vriddhachalam, kusini mwa India, ikapitia kwa mfanyabiashara wa New York, na mwaka 2004 ikanunuliwa na jumba la sanaa la Sydney kwa zaidi ya dola 300,000 za Australia. Ilirudishwa India mwaka 2014. Kilichowaumbua wahusika ni picha za zamani, zilizopigwa sanamu ikiwa bado hekaluni.

Wala msiba huo si wa wenzetu peke yao. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kilionekana katika jumba la Barbier-Mueller mjini Geneva, na hakikurudishwa hadi mwaka 2010, baada ya miaka 26.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wakuu wanaohusika. Ofisa wa forodha anayefungua kasha katika kiwanja cha ndege, hapa Kipawa, au katika bandari ya Unguja, apewe mafunzo ya kutambua anachokishika. Idara za mambo ya kale, Bara na Visiwani, zishirikiane na wazee wa jumuiya za Wahindu, na vilevile wa misikiti na makanisa, kupiga picha na kuandikisha vitu vya thamani vilivyomo. Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Heshima hiyo si ya kuta na milango peke yake.

Nao ndugu zetu wa Visiwani, ambao wameishi jirani na mahekalu hayo kwa vizazi vingi, wasione haya kuuliza. Jirani anayejua kilichomo ndiye mlinzi wa kwanza.