Mradi Umekwisha, Nani Atawasha Pampu?

Neno "mradi" siku hizi liko mdomoni mwa kila mtu. Kufuga kuku kumi ni mradi, kuuza vitumbua ni mradi, hata ofisi ya kijiji nayo yaitwa mradi. Tukichanganya hivyo si lugha tu inayoharibika. Tunaweza kukosa maji.

Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho. Hufanywa mara moja, kwa fedha zake maalumu, na ukiisha huacha kitu ambacho hakikuwapo. Shughuli za kawaida ni zile zinazorudi kila siku, kila mwezi au kila msimu. Chama cha msingi kikijenga ghala, huo ni mradi. Kupima alizeti ya wakulima, kuandika stakabadhi na kukagua daftari la fedha ni shughuli za kawaida. Ghala litakamilika. Kupima hakukamiliki maadamu watu wanalima.

Wazee wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio kwa wiki 12, wakasoma vitabu, wakachimba vyoo. Kampeni ilikuwa na siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Lakini choo kilitaka kufagiliwa kesho yake, na keshokutwa pia. Hilo lilikuwa la mwenye nyumba.

Sasa tutazame maji, maana hapa kwetu Singida ndipo penye uchungu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kisha kinakuja kiangazi kirefu. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20, ili ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka kwake. Visima vikachimbwa, mabomba yakalazwa. Lakini dizeli, vipuri na matengenezo viliachiwa serikali, nayo mzigo ukaielemea. Pampu nyingi zikanyamaza, na lengo halikufikiwa. Kujenga kulipangwa vizuri kuliko kuendesha, basi.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikasema wazi kwamba wananchi wa vijijini watalipia gharama za kuendesha na kutengeneza. Halafu sheria ya mwaka 2019 ikaanzisha RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na kuweka vyombo vya watumia maji katika jamii. Vyombo hivyo ndivyo vyenye kazi ya kila siku.

Mkandarasi akishakabidhi kisima anaondoka na magari yake. Tusimlaumu kwa kuondoka. Mkataba wake umekwisha. Anayebaki ni yule anayefungua maji alfajiri, anayepokea fedha za ndoo kituoni, na mtunza fedha wa chombo. Hao hawapigwi picha siku ya uzinduzi, lakini ndio wanaotunywesha. Hata reli ya kisasa ni hivyo hivyo: kipande cha Dar es Salaam hadi Dodoma kilianza kubeba abiria mwaka 2024, na tangu hapo kuna watu wa kukata tiketi na kukagua njia kila siku.

Kwa hiyo mradi ukiletwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, tusiulize tu utaanza lini. Tuulize: ukikabidhiwa, nani atawasha pampu? Atalipwa kutoka wapi? Ndoo moja itauzwa bei gani, na je, bei hiyo itatosha kununua kipuri kikiharibika? Nani atasomewa hesabu, na kila baada ya miezi mingapi? Mtu akijibu, "Hayo tutayaona mradi ukifika," basi katibu asiandike kwenye muhtasari kwamba tumekubaliana.